Mhusika na Kinaya katika Tanzia: Kumfundisha Kinjeketile Kisii na Nyamira

Walimu wenzangu wa Fasihi,

Katika majibu ya wanafunzi wetu, sifa za mhusika hukaa ukurasa mmoja na kinaya ukurasa mwingine. Kinjeketile ni jasiri, ni mzalendo, ana maono. Kisha, chini ya mbinu za uandishi, fasili ya kinaya na mfano mmoja wa kuridhisha mtahini. Nashikilia kwamba katika tanzia mambo haya mawili hayatenganiki: kinaya huota ndani ya tabia ya mhusika, na anayekitafuta kwingine hatakipata.

Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka wa 1969, miaka michache baada ya uhuru. Watazamaji wake walikwenda ukumbini wakijua mwisho. Walijua kwamba Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905, kwamba risasi za Wajerumani hazikugeuka maji kama wapiganaji walivyoahidiwa, kwamba watu walianguka kwa wingi mbele ya bunduki za rashasha kule Mahenge. Sophocles naye aliwaandikia Waathene waliokwisha kuisikia habari ya Edipode. Mtunzi wa namna hii hana siri ya kutuficha. Anachotupa ni kumtazama mtu akitembea kuelekea mahali tunapopaona sisi, yeye hapaoni.

Tuangalie tukio la mtoni. Kinjeketile anavutwa na nguvu ya pepo Hongo hadi majini, watu wanamtafuta wasimpate, kisha anatoka akiwa mkavu. Jukwaani umati unashangilia. Anatangaza umoja wa makabila, anatangaza dawa ya maji. Kila neno lake linasikika mara mbili: wanaomzunguka wanasikia ukombozi, sisi tunasikia maafa. Lakini tujiulize kwa nini maneno hayo yamemtoka yeye na si mwingine. Ni kwa sababu anawapenda watu wake na hawezi kuvumilia kuwaona wakilimishwa pamba kwa mijeledi huku mashamba yao yakiota magugu. Wema huohuo ndio mlango wa maangamizi. Mtu mwoga au mchoyo asingetuletea tanzia hii.

Sasa hapa Hussein anafanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote katika tamthilia hii. Edipode anagundua ukweli mwishoni, pigo likiwa limekwisha kupigwa. Kinjeketile anaanza kuona mapema. Anapoyachambua aliyoyasema akiwa ameshikwa na Hongo, anakuta humo ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani kutoka mkono wa bwana mmoja kuingia mkono wa mwingine. Anashtuka. Kuanzia hapo anahamia upande wetu watazamaji: anajua tunachojua. Anawasihi watu wangoje, wajiandae. Hawamsikii tena, kwa maana imani aliyoipanda imekwisha kuota mizizi isiyomhitaji yeye. Wanakwenda vitani bila idhini yake. Mwalimu akipita haraka hapa, amepoteza kiini cha kazi nzima.

Kwa mwanafunzi wa Gusii, tamthilia hii haiko mbali. Mwaka huohuo wa 1905 Waingereza walituma msafara wa kijeshi huku kwetu. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki afisa Mwingereza Northcote, naye akapona. Adhabu iliwashukia watu wetu. Mwaka wa 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na nyoka wa ziwani aitwaye Mumbo, akatemwa akiwa na ujumbe kwamba Wazungu wataondoka. Imani hiyo ilienea hadi Gusii, ikakutana na utabiri wa Sakagwa, nabii wa Abagusii. Septemba 1914 Wajerumani wakaingia mji wa Kisii, na Waingereza wakaondoka. Ilionekana neno limetimia! Watu wakavunja ofisi, maduka na misheni. Baada ya siku chache Waingereza walirudi, na ng'ombe wakachukuliwa.

Nimewahi kutumia tukio hilo la 1914 kabla ya kufungua kitabu, nikaona darasa likituama. Mwanafunzi aliyesikia nyumbani habari za Sakagwa haulizi tena kwa nini watu "wajinga" waliamini maji. Anaelewa kuwa waliamini kwa sababu walikuwa wameonewa, na kwa sababu kwa kitambo kidogo dunia ilionekana kuwathibitishia. Tahadhari moja tu: Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa ubunifu wake. Yule wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Wa tamthilia anaishi hadi kuona kushindwa. Tusiwachanganye.

Kwa kazi ya darasani napendekeza jambo dogo. Katika kila onyesho, wanafunzi waandike pambizoni nani anajua nini: umati, jemadari Kitunda, Kinjeketile, hadhira. Watamwona Kitunda akiwa na shaka tangu mwanzo, na bado akikubali kuwaongoza wapiganaji. Watamwona Kinjeketile akivuka mstari. Halafu wafike gerezani, ambako Mjerumani anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye anajua hayakuzuia risasi. Hata hivyo anakataa, kwa kuwa kukiri kwake kungetumiwa kuwafundisha wajukuu kwamba kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Kitunda angependa aseme ukweli.

Ningeomba tuanzie hapo katika mjadala wetu: kati ya hao wawili, yupi anawaheshimu zaidi waliokufa?