"Waliitana Wenyewe": Sheria na Wawili Waliokubaliana Kupigana

Wazee wangu wa vijiji, machifu na wasaidizi wa machifu,

Sote tumewahi kusikia barazani: "Hawa waliitana wenyewe." Vijana wawili wako mangwe, pale penye kuuzwa mnazi, na mnazi umeshapanda kichwani, wakatupiana maneno juu ya deni au mbuzi walioingia shambani. Mmoja akasema twende nje, mwenzake akamfuata. Mmoja wao akarudi na jino lake mkononi. Baraza likiketi, neno hilo la kuitana ndilo linalozima kesi. Nimekuja Kinango kuwaambia kwamba mbele ya hakimu neno hilo halina uzito tunaolipa.

Kifungu cha 92 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakiulizi nani alianza. Anayeshiriki kupigana mahali pa umma ana kosa, na anaweza kufungwa hadi mwaka 1. Kosa ni lao wote wawili, aliyeng'oa jino na aliyeng'olewa. Mahali pa umma ni popote watu wanaporuhusiwa kufika: sokoni, stendi, uwanja wa mpira, na hata hapo mangwe.

Mtaniuliza, wakijitenga kichakani je? Mwaka 1981 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ambako sheria yetu ya jinai ina mizizi, ilitazama shauri la vijana wa miaka 18 na 17 waliokubaliana kumalizana kwa ngumi. Hasara yenyewe ilikuwa pua kutoka damu na uso kuvilia. Majaji wakasema watu hawawezi kuruhusiana kuumizana bila sababu ya maana, iwe hadharani au faraghani. Michezo yenye kanuni waliitenga. Bondia aliye ulingoni na refa wake hana kosa.

Pwani hatukungoja majaji watufundishe tofauti hiyo. Kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, fimbo hutafuta fimbo, na ngoma na watu wazima wapo kuwatenganisha wachezaji. Makunduchi, kule Zanzibar, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume huchapana kwa vigogo vya mgomba ili kinyongo cha mwaka kiishe. Waliochagua mgomba badala ya mpingo walijua wanachokifanya. Kule nyuma ya mangwe hakuna refa, hakuna ngoma, na chini kuna mawe.

Hayo mawe ndiyo yanayonitia hofu. Ngumi moja, mtu akaanguka kisogo, akafa: hiyo ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Kanuni yetu inasema waziwazi kwamba mtu kukubali kuuawa au kulemazwa hakumwondolei hatia aliyemfanyia hivyo.

Sasa tuje kwenye karatasi zetu. Ya kwanza ni ile iliyochanwa kwenye daftari la shule: makubaliano ya barazani, faini, alama mbili za dole gumba kwa wino wa buluu. Siidharau hata kidogo. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inaihimiza mahakama ikuze upatanisho, pamoja na njia zetu za jadi, na kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamruhusu hakimu kupatanisha wagomvi katika mashambulio madogo. Kijana aliyechanika mdomo na aliyemchana watakutana kisimani kesho. Kuwasukumia rumande ni kuwaongezea chuki.

Ya pili ni P3. Inatolewa na polisi, daktari anaijaza, na humo anaeleza kiwango cha jeraha. Akiandika kwamba ni jeraha kubwa, jicho limetoka au mkono umelemaa, kosa limehamia kifungu cha 234, ambako kifungo cha maisha kinawezekana, na kifungu cha 176 hakifiki huko. Baraza halina mamlaka ya kulipima jicho kwa mbuzi.

Kwa hiyo nawaomba, majeruhi apelekwe hospitali kwanza, na daftari lisifunguliwe mpaka P3 irudi.