Kazi ya Uhasibu: Mshahara Wake na Matumaini Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Iguhu)



Halmashauri imenitaka niseme juu ya kazi ya uhasibu: je, mshahara wake watosha, na je, mtoto akiisomea atapata kazi? Swali hili si la mzaha. Katika Idakho yetu mashamba yamekuwa vipande vidogo, na mzee akiuza kipande ili alipe karo ya chuo, hawezi kukirudisha. Kwa hiyo inatupasa tulipime jambo hili kwa debe lisilobonyezwa, tuone lina kiasi gani kwa kweli.

ILIKOTOKA KAZI HII

Wazee walio hapa wanakumbuka kwamba katika siku za ukoloni karani Mwafrika aliandika barua na kuhesabu magunia, lakini vitabu vikuu vya hesabu kwa kawaida vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Hata mshahara ulipimwa kwa rangi ya mtu. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilishauri kwamba watumishi wa Serikali wasio Wazungu walipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo ilipingwa sana, na Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ikashauri iondolewe.

Baada ya Uhuru ilionekana wazi kwamba nchi haiwezi kujitawala huku hesabu zake zikishikwa na wageni. Mwaka 1969 ikaundwa bodi ya mitihani iitwayo KASNEB, ili vijana wetu watahiniwe hapa nchini. Mwaka 1977 ikatungwa Sheria ya Wahasibu, na mwaka 1978 kikaanzishwa chama cha wahasibu wa Kenya, yaani ICPAK. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine mwaka 2008. Nayasema haya ili tufahamu kwamba uhasibu ni kazi yenye mlango na bawabu. Hapana mtu aruhusiwaye kukagua hesabu za watu kwa kujitegemea bila kibali cha chama hicho. Mlango huo humchelewesha kijana kuingia, lakini pia humlinda akisha kuingia.

JUU YA MSHAHARA

Mzee akisikia kwamba mtoto wa jirani ameandikwa kazi kwa Sh. 40,000 kwa mwezi, huona fedha nyingi. Na tuifungue hesabu hiyo. Sisemi kwamba huo ndio mshahara wa kila mhasibu anayeanza. Wako wapatao chini ya hapo na wako wapatao zaidi. Nautwaa kuwa mfano tu.

Kwa viwango vya mwaka 2025, kijana huyo hukatwa kwanza Sh. 2,400 za mfuko wa uzeeni wa NSSF. Hukatwa Sh. 1,100 za bima ya afya, na Sh. 600 za ujenzi wa nyumba. Katika Sh. 35,900 zibakizo hutozwa kodi ya mapato, nayo baada ya nafuu ya Sh. 2,400 ni kama Sh. 3,153. Zinazofika mkononi mwake ni kama Sh. 32,747.

Tuseme anakaa Nairobi. Chumba Sh. 9,000, chakula Sh. 10,000, nauli Sh. 4,500. Zimebaki Sh. 9,247, na bado hajanunua kiatu, hajalipa ada ya mtihani wake wa mbele, wala hajaweka akiba. Wakati huohuo simu inalia kutoka nyumbani: kuna matanga, kuna karo ya mdogo wake, kuna paa la mama. Si kwamba kijana ni mchoyo akisema hana. Hesabu yenyewe ndiyo isemayo.

Lakini haitupasi kuupima mti kwa mche wake. Mshahara wa uhasibu hupanda kwa ngazi: karani wa hesabu, mhasibu msaidizi, mhasibu kamili, mkaguzi, hata mkuu wa fedha. Mwalimu wa Serikali anajua tangu siku ya kwanza daraja atakazopita. Mhasibu wa kampuni hana hakika hiyo. Hulipwa kwa kadiri ya mzigo awezao kuujibia. Anayejaza vitabu tu hubaki chini. Anayeweza kutia sahihi yake chini ya hesabu za mwaka mzima, na kusimama mbele ya wakaguzi bila kutetemeka, huyo hupanda. Basi miaka ya kwanza ni myembamba, na matunda huja baadaye kwa yule aliyemaliza mitihani yake. Aliyeachia njiani hupata hasara mara mbili, ya karo na ya miaka.

JUU YA NAFASI ZA KAZI

Hapa pana habari njema na pana habari ngumu.

Habari njema ni kwamba hapana kazi isiyohitaji mtu wa hesabu. Tangu mwaka 2013 tuna serikali za kaunti 47, na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yazitaka zote kuandika na kutoa hesabu zake. Hospitali, shule, vyama vya akiba na mikopo, kiwanda cha chai cha Mudete, makanisa, maduka ya jumla mjini Kakamega, wote wana vitabu. Fundi wa sukari hutafuta kazi penye miwa tu, lakini mwenye kujua hesabu huweza kuhama kutoka sukari kwenda chai, na kutoka chai kwenda hospitali.

Habari ngumu ni hizi. Kwanza, vijana wenye vyeti ni wengi kuliko viti vilivyo wazi, na kaunti mara nyingine hucheleweshewa fedha kutoka hazina kuu, mishahara nayo ikachelewa. Pili, waajiri wakubwa wa upande wetu wameonekana wakianguka. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa mwaka 2019 chini ya msimamizi aliyeteuliwa na benki iliyokuwa ikikidai. Walipoondoka mafundi, makarani wa hesabu waliondoka nao.

Tatu, mashine imeingia ofisini. Kazi ya kunakili tarakimu kutoka kitabu kimoja hadi kingine, iliyowalisha makarani wengi, sasa hufanywa na kompyuta kwa dakika chache. Anayetegemea kunakili tu, kazi yake imo hatarini. Lakini mashine haijui kwa nini stakabadhi mbili zina namba moja, wala haimwulizi mweka hazina zilikokwenda fedha za mafuta. Kazi ya kuuliza ingali ya mtu.

Tena iko nafasi isiyotangazwa magazetini, nayo iko hapa nyumbani. Tangu tarehe 1 Januari 2024 mamlaka ya kodi hukataa gharama za biashara nyingi zisizo na ankara ya mtandao wake uitwao eTIMS. Mwenye duka la mbao Khayega au mwenye kinu cha unga Iguhu anahitaji mtu wa kumwandikia hesabu zake na kumpelekea taarifa za kodi kwa wakati. Hawezi kumwajiri mhasibu peke yake, lakini wenye maduka kumi wanaweza kumlipa kijana mmoja, kila mtu kidogo. Kijana huyo halipi chumba Nairobi, naye hula mahindi ya shamba la babake.

JUU YA NJIA YA MASOMO

Wazazi wengi hudhani kwamba bila chuo kikuu hapana uhasibu. Sivyo. Mtoto aliyepata C+ katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuanza mitihani ya CPA moja kwa moja. Aliyepata C- huanza na stashahada ya mafundi wa hesabu, iitwayo ATD, kisha akaendelea mbele. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2021, CPA ina hatua tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Mtahiniwa aweza kusoma jioni huku akifanya kazi mchana, na kulipia hatua moja moja. Chuo cha Sigalagala kipo karibu nasi. Mtoto aweza kusomea biashara akilala nyumbani.

Na tujihadhari na njia ya mkato. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba vyeti zaidi ya 2,000 vya watumishi vilionekana kuwa vya kughushi. Cheti cha kununua humfikisha mtu kazini, kisha kikamfikisha mahakamani.

JUU YA AMANA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe lahitaji mtu mwaminifu. Mhasibu hushika fedha ambazo si zake, na jaribu lake la kwanza mara nyingi halitoki kwa wezi wa mjini. Hutoka kwa jamaa. Mjomba huja na kusema, "Nikopeshe kidogo katika sanduku hilo, nitarudisha mwisho wa mwezi." Kijana aliyelelewa kutii wakubwa huona haya kukataa. Wazee wangu, nasema kwa unyenyekevu: katika jambo hili ninyi ndio mwezao kumwokoa au kumpoteza. Msimwombe fedha za ofisi. Akikataa, msimwite mwenye kiburi. Mkamsifu mbele ya watu.

SHAURI LANGU

Bwana Mwenyekiti, baada ya kupima pande zote naona kwamba uhasibu ni kazi njema kwa mtoto mwenye subira na anayependa hesabu kwa kweli, awe mvulana au msichana. Si njia ya utajiri wa haraka, wala si kazi ya kumtupia mtoto aliyekosa kazi nyingine. Kwa hiyo naleta mashauri manne.

Kwanza, mzazi asiuze ardhi kwa ajili ya masomo haya, maadamu yaweza kulipiwa hatua kwa hatua.

Pili, msaada wa karo wa chama hiki ulipwe kwa hatua moja, na wa pili utolewe mwanafunzi akisha kufaulu wa kwanza. Hivyo fedha kidogo zitawafaa watoto wengi.

Tatu, kijana akipata kazi, jamaa wampe muda, walau miaka miwili, amalize mitihani yake kabla ya kumtwika harambee za ukoo wote. Hata fahali wa Malinya hapelekwi uwanjani kabla hajakomaa shingo.

Nne, wanafunzi wetu wa hesabu wamsaidie Mweka Hazina kuandika vitabu vya chama hiki, chini ya macho yake, na vitabu hivyo vikaguliwe kila mwaka. Watapata ujuzi wa kuonyesha wanapoomba kazi, nasi tutajua fedha zetu ziko wapi.

Mambo haya nayaweka mikononi mwenu, wazee na wanachama, mwayajadili na kuamua kwa hekima yenu.