Uchungu wa Kuzaa Haungoji Kafyu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kina mama wa ushirika na wahudumu wa afya vijijini)



Mmetuita sisi wauguzi na wakunga tuwaeleze jinsi kazi ya kuzalisha ilivyokuwa wakati wa Korona. Wengine watauliza, mbona tufukue mambo yaliyokwisha? Kweli, Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Lakini Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox alipatikana hapa nchini, kule Taveta. Magonjwa hayapigi hodi.

Mwaka wa 2020 ulikuwa umetengwa duniani kote uwe mwaka wa kuwaheshimu wauguzi na wakunga. Basi heshima yenyewe tuliiona! Tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Sasa, upasuaji usio wa haraka unaweza kuahirishwa. Mimba haiahirishwi. Mtoto akitaka kutoka saa nane usiku, atatoka saa nane usiku. Tena mkunga hawezi kufanya kazi akiwa amesimama mbali na mgonjwa. Mama mwenye uchungu anapumua kwa nguvu, analia, anakushika shingo, na kuna damu na maji. Mwambie avae maski. Ataivaa dakika mbili kisha ataitupa, na huwezi kumlaumu. Wewe ndiwe wa kujikinga, na maski uliyopewa ni moja ya kutwa nzima. Hata Pumwani, ambako watoto wa Nairobi wamezaliwa tangu miaka ya 1920, ilipofika Julai 2020 kina mama na wafanyakazi walipatikana na virusi.

Wataalamu husema mama mzazi hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Korona ilizidisha zote tatu.

Kuamua kulikuwa kugumu kwa sababu watu walisema ugonjwa uko hospitali. Tena ukipatikana nao unapelekwa karantini, na mwanzoni watu walilipishwa hiyo karantini. Ni mama gani mwenye mimba ya miezi minane atapenda habari hiyo? Kliniki zikapoa.

Njiani ndiko kulikuwa na taabu zaidi. Sheria iliruhusu mgonjwa kupita usiku, lakini mwenye bodaboda hukumbuka rungu kwanza, sheria baadaye. Kule Nairobi Daktari Jemimah Kariuki aliona kwamba kina mama wanaofika wodini wamepungua, na wanaofika wamezidiwa. Aprili 2020 akaanzisha mpango uitwao Wheels for Life: mama anapiga simu, anazungumza na daktari, na ikilazimu anatumiwa gari bila malipo. Sisi twaona hiyo ni akili kubwa kuliko mashine nyingi. Mama anayevuja damu sana baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Huku kwetu saa mbili ni kutafuta pikipiki na kubishana bei.

Akishafika je? Anakuta nesi mmoja mahali pa watatu, kwa sababu wawili wako karantini. Desemba 2020 wauguzi na matabibu waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima, na hospitali za makanisa zikajaa. Wengine wenu mlitukasirikia sana. Tuseme wazi: madai yale yalikuwa ya haki. Na mama aliyekuta mlango umefungwa, naye alikuwa na haki ya kulia. Hatuwezi kufuta moja ili la pili lisimame.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mchana redioni tuliitwa mashujaa. Jioni mwenye nyumba anataka uhame. Muuguzi anayenyonyesha anavua nguo nje, anaoga kwa ndoo nyuma ya nyumba kwenye baridi, ndipo amshike mtoto wake. Jirani, si mnamjua, hata chumvi hakopeshi tena. Na hao ni watu tunaoimba nao kwaya moja.

Wodini kulikuwa na amri ya kuwazuia ndugu wasiingie. Dada au mama mkwe anabaki getini, na mzazi anajifungua akiwa peke yake. Mahali pengine mtoto alitengwa na mama mwenye virusi, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri wakae pamoja na mtoto anyonye, mama akiwa amevaa maski na kunawa mikono. Tukibishana na wakubwa tuliambiwa amri ni amri. Ikitokea tena, ulizeni amri hiyo imetoka wapi.

Sasa ombi letu. Ushirika huu una pikapu, una pikipiki, una vijana wasiolala mapema. Mama akitimiza miezi saba, nyumba yake ijue ni nani atambeba usiku, na pesa za mafuta ziwe zimetolewa kwa mfuko wa kina mama. Chifu ameketi hapa. Aseme leo barua ya kupita usiku itaandikwa na nani, si usiku ule wenyewe.

Karatasi ya wenye magari iko kwa katibu, pale mezani. Andikeni jina, kijiji na nambari ya simu. Na kama gari lako taa hazifanyi kazi, sema kabisa, tukuandike upande wa mchana.