Beki wa Hoki ya Barafuni na Maisha ya Msichana Mwanamichezo

Mada kwa wazazi, walimu na wanamichezo, Oyugis



Hoki si mchezo mgeni katika eneo la Nyanza. Sinyolo Girls na Nyamira Girls ni majina yanayojulikana na kila anayefuatilia hoki ya shule za sekondari. Hiyo ni hoki ya uwanja wa kawaida. Lakini iko hoki nyingine, inayochezwa juu ya barafu, na maisha ya mabeki wake wa kike yana somo kwa mzazi yeyote ambaye binti yake ameanza kurudi nyumbani jioni na vumbi la uwanjani.

Katika hoki ya barafuni kila timu huwa na wachezaji sita kwa wakati mmoja: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Badala ya mpira wa mviringo, wao hupiga kisahani kigumu cha raba. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Kazi ni nzito kiasi kwamba mchezaji hukaa uwanjani kwa muda unaokaribia dakika moja tu, kisha hupumzishwa na mwingine huingia. Beki huteleza kinyumenyume huku akimtazama adui anayemjia mbio. Akikosea hatua moja, kipa wake anabaki peke yake.

Mmoja wa mabeki hao ni Sophie Jaques, aliyezaliwa mwaka 2000 katika jiji la Toronto, nchini Kanada. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, na mwaka 2022 timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya Patty Kazmaier, anayopewa mchezaji bora wa kike wa hoki ya barafuni katika vyuo hivyo. Alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi kuipata. Na wakati huo wote alikuwa darasani akisomea uhandisi wa ujenzi.

Mzazi aliye hapa Oyugis alishike jambo hilo. Jaques hakuchagua kati ya kitabu na fimbo ya hoki. Alibeba vyote viwili, na sababu yake inaeleweka mtu akitazama historia ya malipo ya wanawake katika mchezo huo.

Ligi ya wanawake ya Kanada, CWHL, ilianza mwaka 2007. Kwa miaka mingi wachezaji wake hawakupata mshahara. Walifanya kazi nyingine mchana na mazoezi usiku. Mwaka 2015 ikaanzishwa ligi nyingine Marekani, NWHL, iliyoahidi mishahara. Mwaka uliofuata mishahara hiyo ikapunguzwa msimu ukiwa unaendelea. Mwaka 2019 ligi ya Kanada ikafungwa kabisa. Mchezaji aliyekuwa bingwa mwezi Machi alijikuta hana timu mwezi Mei.

Baada ya hapo, wachezaji zaidi ya 200 walikubaliana kutocheza katika ligi yoyote ya Amerika Kaskazini msimu uliofuata. Walitaka ligi moja yenye mshahara wa kumwezesha mtu kuishi, pamoja na bima ya afya. Walisubiri kwa miaka kadhaa, na baadhi yao umri uliwapita. Ligi mpya, PWHL, ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Januari 2024 mjini Toronto ikiwa na timu sita. Bao la kwanza kabisa la ligi hiyo lilifungwa na beki, Ella Shelton wa New York.

Safari hii wachezaji walikuwa na chama chao, na makubaliano yaliandikwa kabla ya mechi ya kwanza. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa dola 35,000 kwa msimu. Kwa shilingi ya Kenya hiyo ni takriban milioni 4.5. Hapa Oyugis ni fedha nyingi. Lakini katika miji kama Boston, mtu akishalipa nyumba, chakula na usafiri, kinachobaki ni kidogo.

Jaques alichaguliwa na Boston katika raundi ya pili mwaka 2023. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2024, akabadilishwa na wachezaji wengine wawili na kupelekwa Minnesota. Katika ligi ya namna hiyo, mchezaji anaweza kuhamishwa mji bila kuombwa ruhusa. Alifungasha, akaenda, akacheza. Mwezi Mei Minnesota ilikutana fainali na Boston ile ile na kuishinda kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Mwaka 2025 Minnesota ikatwaa kombe tena, kisha Jaques akajiunga na timu mpya ya Vancouver.

Je, Kenya iko wapi katika mchezo huu? Mwaka 2005 Nairobi ilipata uwanja mdogo wa barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, na wengi wa wachezaji wake walianzia kwenye viatu vya magurudumu barabarani. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakavaa jezi kamili na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Wasichana wamo miongoni mwa wanaocheza. Ligi ya kulipwa bado haipo.

Msichana wa Oyugis ana nafasi kubwa zaidi katika soka. Timu ya taifa, Harambee Starlets, ilicheza fainali za Afrika mwaka 2016, na mwaka 2025 ikafuzu tena. Jentrix Shikangwa amechezea Simba Queens ya Tanzania, na Esse Akida amecheza hadi Uturuki na Ugiriki. Mlango uko wazi, na palipo na mlango wazi matapeli nao hupita.

Kwa hiyo mzazi azingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache maalum. Anayekuja na tiketi ya ndege ya mtoto wa miaka 16 aulizwe maswali mengi.

Pili, wakala wa soka lazima awe na leseni ya FIFA. Na anayeahidi kazi ya aina nyingine ng'ambo, iwe hotelini au nyumbani kwa watu, athibitishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kupewa pasipoti au hata shilingi moja.

Tatu, kandarasi isomwe yote kabla ya kutiwa sahihi, katika lugha ambayo mchezaji na mzazi wanaielewa. Itazamwe mshahara ni kiasi gani, nani analipa matibabu mguu ukivunjika, na nini kitatokea klabu ikifungwa. Nakala moja ibaki nyumbani.

Nne, migogoro ya michezo ina mahali pake. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kusuluhisha Migogoro ya Michezo.

Tano, masomo yasiachwe. Goti halina bima ya maisha. Mhandisi anayecheza hoki akistaafu hoki, bado ni mhandisi.

Mzazi anayemzuia binti kucheza kwa hofu anamnyima nafasi, na anayemwachilia bila kuuliza anamweka hatarini. Beki mzuri hasimami golini akisubiri. Humfuata adui mapema, macho yakiwa wazi.