KIOO KIKIINGIA UKUNGU, ANDIKA

(Maneno ya mwanachama wa gengi la njia kwenye mkutano wa tawi)



Nimepewa nafasi niseme juu ya kioo cha mbele cha motokaa. Najua wengine mtacheka, maana mimi ni mtu wa njia ya reli, sina hata leseni. Lakini sisi wa gengi twapelekwa kazini kwa lori kila asubuhi, na dereva asipoona, wa kuumia ni sisi tulio nyuma na yule aliye barabarani.

Wengi mwakumbuka habari ya mwenzetu aliyevunjika mkono. Alikuwa amesimama kwenye kivuko cha reli upande wa Konza, saa moja asubuhi, ameshika bendera nyekundu. Lori la kukodi lilikuwa likitupeleka kwa ile barabara ya vumbi inayofuata reli, tukielekea upande wa Mombasa, na saa hizo jua liko machoni kabisa. Dereva hakuona bendera wala mtu mpaka alipokuwa hatua chache tu. Mwenzetu akajitupa mtaroni. Baadaye dereva alipewa barua ya onyo ya kwamba alikwenda mbio. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa karibu naye. Hakwenda mbio. Kioo kilikuwa kimechubuka kama chupa ya soda iliyorudishwa kiwandani mara mia. Naye alikuwa amekwisha kuwaambia wenye lori mara tatu, kwa mdomo.

Jambo hili linatokeaje? Kioo ni kigumu, lakini mchanga unakishinda. Katika kipimo cha Mohs, mchanga mweupe una ugumu wa 7, na kioo ni karibu 5 na nusu. Basi tanboi akipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, au dereva akiwasha waipa bila maji, ni kama kupiga msasa. Mpira wa waipa ukipasuka, chuma chenyewe chachora nusu duara mbele ya macho ya dereva. Mchana wa mawingu huoni neno. Jua likiwa chini, au gari likija usiku na taa, kila mkwaruzo hutawanya mwanga, na kioo chote kinakuwa cheupe.

Lakini si kila ukungu ni mikwaruzo. Pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha njia safi, huo ni uchafu tu: moshi wa sigara, pumzi za watu, na mvuke wa plastiki ya dashibodi inayopikwa na jua. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe kwa kitambaa safi kisicho na mafuta. Siki iliyochanganywa na maji nayo yafaa. Nje mwaga maji mengi kwanza, mchanga uondoke, ndipo uguse. Nimeona madereva wakilaumu kioo kizee mwaka mzima, na kumbe ndani hakijaoshwa tangu gari linunuliwe.

Ukiisha kuosha na ukungu ungalipo, pitisha ukucha. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni mwepesi, na fundi aweza kuusugua kwa unga wa seriamu oksidi uliochanganywa na maji, kwa gurudumu la sufi nzito. Ni kazi ya saa nyingi, na kioo lazima kiwe na maji wakati wote, kwa sababu kikipata moto mahali pamoja chaweza kupasuka. Ukucha ukinasa, acha. Ukisugua mpaka mkwaruzo uishe utakuwa umechimba shimo, na dereva ataona barabara ikicheza kama maji. Hicho ni cha kubadilishwa, hasa kama mkwaruzo uko mbele ya macho yake. Dawa ya meno, ambayo vijana wa kando ya barabara huisifu sana, haiondoi mkwaruzo wa kioo. Waya wa kusugulia sufuria na msasa sitaki hata kuvisikia.

Sasa nije kwa jambo lililonileta hapa mbele. Mpira wa waipa ni bei ndogo, nao hatuna ugomvi juu yake. Kioo kizima ni fedha, na hapo ndipo wenye gari huanza kusema, "Endesha tu, tutaona mwisho wa mwezi." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwamuru mfanyakazi kuripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na yamkataza mwajiri kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Lakini dereva wetu aliposimama mbele ya wakubwa hakuwa na karatasi. Walisema hawakusikia neno, naye akaonekana mwongo.

Kwa hiyo naomba tawi likubali hivi. Dereva akiona kioo kibaya aandike tarehe, saa, namba ya gari, na mahali mikwaruzo ilipo. Aandike nakala mbili, moja ampe msimamizi, nyingine aitie sahihi na msimamizi huyo na kuileta kwa katibu wetu. Asiyejua kuandika vizuri aje kwangu au kwa nyapara wa gengi, tutamwandikia bila kumcheka. Na sisi abiria tutie sahihi kama mashahidi, kwa maana twaona kioo kile kile.

Ile barua ya onyo bado imo katika faili la dereva. Nimekwisha kuandika niliyoyaona siku ile na kutia sahihi. Wenzangu watatu mliokuwa nyuma ya lori, karatasi iko hapa mezani kwa katibu, na kalamu ipo.