Uhuru wa Taifa na Riziki ya Mnyonge: Funzo kutoka Uskoti



Tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti waliulizwa kama nchi yao, iliyoungana na Uingereza tangu mwaka 1707, iwe huru. Karibu asilimia 85 ya waliojiandikisha walipiga kura, wakiwamo vijana wa miaka 16. Asilimia 55 walikataa, 45 wakakubali.

Mwananchi wa kawaida hakubishania bendera tu. Mmoja aliuliza: pensheni yangu italipwa kwa fedha gani? Mwingine: kwa nini nyambizi za nyuklia zikae Faslane bila ridhaa yetu? Wa kwanza alitetea riziki, wa pili kauli juu ya nchi yake. Yote mawili ni haki. Basi aliyekataa tusimwite mwoga, wala aliyekubali mkaidi. Uhuru usiojibu maswali hayo haujamfikia mwananchi.