Tutayarishe parsele mbele ya kiangazi

Maneno tuliyosema katika mkutano wa wanachama, Kituku, mwanzo wa mwezi wa tano

  

Leo hatukuja kuongea juu ya mbegu. Mbegu zikigawanywa mwezi wa sita, mvua imekwisha kufunga, na mtoto wa lengalenga anachomoza juu ya jiwe la moto. Tumekuja kuongea juu ya vitu viwili vinavyotangulia mbegu: udongo na maji. Na tuko na jambo la kuomba mwishoni.

Mji wetu unapata mvua nyingi, lakini ardhi yetu inafanana na jangwa. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, ikarudia 2002 na 2021, na mitaa mingi ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano ya zamani. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana maji yamekwisha kupita katika nyufa. Kule Ulaya mtu hutayarisha bustani yake kwa sababu theluji inakuja. Sisi theluji hatuijui, na baridi yetu ya usiku haiui mboga. Kinachoua ni mwezi wa sita, wa saba na wa nane juu ya jiwe lisiloshika maji.

Wengi kati yetu, kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwezi wa pili 2025, tulitoka na shitingi na sufuria tu. Leo tunakaa katika parsele ya kukodi, hatua tano kwa sita, na mwenye nyumba anaweza kuiomba wakati wowote. Kwa hiyo tunashauri magunia. Udongo uliomwaga juu ya mawe utauacha pale. Udongo ulio ndani ya gunia unapandishwa kwenye chukudu na unakwenda na wewe. Hatumtakii mtu ahame tena, lakini jasho lake lisibaki kwa mwingine.

Gunia linafungwa hivi. Udongo ndoo tatu, mbolea iliyooza ndoo moja: ya mbuzi, ya simbilisi, au majani ya ndizi na ya kabichi yanayotupwa sokoni hapa Kituku kila jioni. Katikati, tangu chini mpaka juu, panga mawe madogo ya volkano. Mawe haya tunayoyalaani kila siku ndiyo yatapitisha maji mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda juu na pembeni. Halafu funika juu kwa majani makavu ya ndizi, jua lisinyonye maji. Tukianza wiki hii, mvua zilizobaki zitashikisha mizizi bila sisi kubeba hata bidoni moja. Hiyo ndiyo faida ya kuanza mapema.

Majivu tusiyamwage mengi. Maji ya ziwa Kivu yenyewe yana chumvichumvi za madini, na majivu yanaongeza ukali uleule. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, jua ni hiyo. Mvua za mwezi wa tisa zitausafisha.

Sasa tuhesabu maji. Sisi tunapanga lita 5 kwa gunia kwa siku. Magunia manne ni bidoni moja ya lita 20. Tangu tarehe 1 mwezi wa sita mpaka tarehe 31 mwezi wa nane ni siku 92, basi ni bidoni 92. Ziwa liko hapo chini, kila mtu analiona, lakini kila bidoni ina mgongo uliolipandisha, na mara nyingi ni mgongo wa msichana ambaye saa ile angekuwa darasani. Kwa hiyo usipande magunia sita kwa sababu jirani amepanda sita. Nyumba isiyo na mtu wa kubeba ipande mawili, tena iyanyweshe maji yaliyoosha mboga na mchele. Gunia mawili mabichi ni bora kuliko sita makavu.

Maji ya ziwa yamwagwe kwenye shina, asubuhi mapema au jioni, si juu ya majani. Kipindupindu hakijatusahau. Mboga zipikwe vizuri, na maji ya kunywa yatiwe klore bila kubishana.

Na mvua za sasa tusiziache zipite. Bati la mita nne kwa tano, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linaweza kutoa karibu lita 200. Hilo ni pipa zima kwa mvua moja nzuri. Maji ya kwanza yaacheni yaende, maana yanaosha vumbi na moshi wa Nyiragongo uliokaa juu ya bati. Yanayofuata ni ya bustani, si ya kunywa. Pipa liwe na kifuniko kinachofunga kabisa, kwa ajili ya mbu na zaidi kwa ajili ya watoto.

Tusidanganyane: pipa moja halimalizi kiangazi. Lina bidoni 10. Lakini hizo ni siku kumi ambazo mtoto hateremki ziwani kwa sababu ya bustani.

Ndiyo maana tunaomba mkutano uamue leo, mbele hatujaachana. Pesa za sanduku za mwezi huu ziende kwa udongo na kwa mapipa yenye kifuniko na robine, pipa moja kwa nyumba tatu zinazopakana, tuanze na wajane na wazee. Mbegu za lengalenga tunaweza kupeana wenyewe, maana aliyevuna mwaka jana amebaki nazo kwenye kitambaa.

Na ninyi wafadhili, tunawashukuru kwa mbegu. Mwaka kesho mtusaidie na udongo, na mtusaidie mwezi wa nne. Msaada ule ule ukifika mwezi wa sita unakuta kiangazi kimekwisha kukaa ndani ya nyumba.

Sasa wanaokubali wanyooshe mikono.